Kwanini duka la tatuu halitaki kadi?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mie nafanya kazi mapokezi kwenye duka la tatuu huku Paje, wateja karibu wote wageni, sasa kila siku ugomvi, mtu kashachorwa mkono mzima anatoa kadi, namwambia tunataka keshi, ananuna, wengine wanasema ati tunakwepa kodi. Bosi nikimuuliza anajibu tu "kadi ina mambo". Mambo gani hayo? – Msomaji, Paje

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Bosi wako hajakudanganya, ila alitakiwa akueleze vizuri maana weye ndo unaenuniwa pale mbele.

Kubwa kuliko yote, pesa ya kadi inaweza kurudi ilikotoka. Mgeni akishafika kwao anapiga simu benki yake, anasema hakuridhika au malipo yale hayatambui, na kwa kadi za Visa madai mengi yana nafasi mpaka siku 120, hapo benki inaivuta ile pesa kwenye akaunti ya duka na duka ndo litafute ushahidi. Muuza kanga angalau anaweza kudai kanga yake, tatuu utaivua vipi kwenye ngozi ya mtu yuko Italia? Ndo mana hata huko Marekani na Ulaya baadhi ya kampuni za malipo zinaihesabu tatuu biashara ya hatari na makato wanayapandisha.

Halafu kuna mchoraji. Wengi hawana mshahara, wanagawana na mwenye duka au wanamlipa kodi ya kiti, keshi inagaiwa jioni ile ile na bahshishi anaondoka nayo mfukoni. Ya kadi inakatwa asilimia, inaingia kesho au keshokutwa, ikiangukia wikendi ndo basi tena. Na umeme ukikatika au mtandao ukigoma mashine haisomi.

Kodi nayo sitaificha, wapo wanaoipenda keshi kwa sababu haiachi alama. Kupokea noti si kosa, kosa ni kutotoa risiti, ile ya kielektroniki ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, inatoka hata mtu akilipa keshi. Na keshi iwe shilingi, tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo ya ndani kwa dola.

Mie kinachoniudhi ni mgeni kuambiwa mwisho, ngozi inamuwaka, usiku, ndo mnamtuma akatafute ATM. Hapo ana haki ya kununa! Andikeni mlangoni, mkumbusheni kabla sindano haijawashwa, na anapoweka nafasi chukueni advansi. Kazi kubwa mkikubali kadi, asaini fomu ya ridhaa na picha ya mchoro aliouchagua, benki ikiuliza mna cha kuonesha. Na weye kila noti unayopokea iandike daftarini, mchoraji asaini pembeni, maana jioni hesabu ikipungua wa kwanza kuulizwa ni weye.