Uliza Tujibu: Pedi za Breki kwa Gari Jepesi la Mashindano

SWALI: Habari za kazi. Nina Eunos Roadster (Mazda MX-5 ya soko la Japani) ya 1991, injini 1.6, iliyoagizwa Japani. Naiandaa kwa mashindano ya ridhaa ya kushindana na saa kwenye njia iliyofungwa, vipande vya kilomita 3 hadi 5. Muuza spea ananishauri nichukue pedi za mashindano, anasema zinavumilia digrii 800. Mwenzangu anasema za kawaida zinatosha. Nimfuate nani?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao. Anza na uzito. Roadster hiyo ina kilo 950 hivi. Ukikaa ndani na petroli ikiwemo, chukulia 1,050. Ukipunguza mwendo kutoka kilomita 110 kwa saa hadi 50, breki zinapokea kama kilojuli 390 za joto. Gari la kilo 1,800 kwenye kona hiyohiyo linazipa kama 670. Breki za gari kubwa ni kubwa pia, lakini hesabu inaonyesha kwa nini pedi iliyoundwa kubeba joto la gari zito inaweza kumaliza kipande chako chote bila kupata moto inaouhitaji.

Na pedi ya mashindano matupu isipopata moto haishiki. Nyingi zinataka diski ifike digrii 200 au zaidi kabla hazijaamka. Wewe unaanza kipande breki zikiwa za baridi, na kona ya kwanza haikusubiri. Utakanyaga, gari litaendelea kuteleza mbele, utaongeza nguvu, magurudumu yatafunga. Juu ya hayo, pedi ya aina hii ikiwa baridi inaparuza diski kama msasa. Ukisikia mkwaruzo na kuona mistari mipya kwenye diski baada ya siku moja, ujue pedi haijafika kwenye joto lake.

Pedi za kawaida nazo, hasa zile za bei ya chini, huanza kupoteza mshiko joto likipita digrii 300 na kitu. Kwa kipande cha kilomita 3 zenye kona chache huenda zikakufikisha. Kwa mteremko wenye kona za kubana, hazifai.

Kinachokufaa ni kundi la kati: pedi inayoshika tangu baridi na kuvumilia hadi karibu digrii 500. Mfano wa kundi hili ni DS2500 ya Ferodo. Ndugu yake DS3000 ni ya mashindano matupu, iache. Ukikosa chapa unayoijua, geuza pedi usome herufi mbili zilizopigwa ubavuni au mgongoni. Ya kwanza ni mshiko wa kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF ni sawa. FE inakuambia mshiko unashuka joto likipanda, na hiyo sisi hatuipeleki kwenye mashindano. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, wala hazimzuii mwenye spea feki kuzipiga. Kwa hiyo tazama pia kama tabaka la msuguano limegandana sawasawa na bamba la chuma, bila ufa wala pengo.

Ukitaka uhakika, pima. Zipo rangi za kupaka ukingoni mwa diski zinazobadilika kuwa nyeupe: ya kijani ikifika digrii 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Paka mistari mitatu, kimbia siku nzima, kisha angalia. Kijani imebaki kijani? Pedi za kati zinakutosha kabisa. Chungwa imegeuka nyeupe? Hapo ndipo pedi kali zaidi inapokuwa na hoja. Kipimajoto cha miale hudanganya kwenye chuma kinachong'aa, na hadi ushuke garini diski imeshapoa. Rangi inakumbuka kilele.

SWALI: Na mimi nina Roadster. Nimebadilisha pedi za mbele tu kwa zile kali, za nyuma nimeacha za kawaida. Sasa magurudumu ya mbele yanafunga mapema. Fundi akataka kubadilisha na za nyuma, akakaza pistoni kwa klampu ikagoma kurudi. Tatizo ni nini?
Msomaji, Muheza

JIBU: Dada, mwambie fundi aache klampu mara moja kabla hajaua kalipa, yaani chombo kinachobana pedi kwenye diski. Kwenye Roadster za zamani, kalipa za nyuma zimebeba breki ya mkono ndani yake, na pistoni hairudi kwa kusukumwa. Inarudishwa kwa skrubu.

Weka gari kwenye stendi, magurudumu yote mawili ya nyuma yakining'inia, breki ya mkono ikiwa imeachiwa. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya milimita 14 inayofunika tundu, itoe. Ndani utakuta skrubu ya elenki (yenye tundu la pembe sita) ya milimita 4. Izungushe kinyume cha saa, pistoni itarudi ndani bila ugomvi. Vaa pedi mpya, kisha zungusha kwa mwelekeo wa saa hadi gurudumu lifunge, halafu rudisha theluthi moja ya mzunguko. Gurudumu lizunguke huru kwa mkono. Rudisha bolti, ndipo urekebishe waya wa breki ya mkono. Ukiruka hatua hii pedeli itazama sana kabla ya kushika, na mtatoa upepo wiki nzima mkitafuta hewa isiyokuwepo.

Kuhusu kufunga mbele: pedi kali mbele na za kawaida nyuma zinahamishia kazi kubwa zaidi mbele. Nyuma hazichangii inavyotakiwa, na gari linaweza kusimama kwa umbali mrefu kuliko ulipokuwa na pedi za kawaida kote. Funga aina moja pande zote mbili. Kinyume chake, kali nyuma na laini mbele, usijaribu kamwe: mkia utakupita kwenye kona.

Pedi mpya lazima zizoeshwe na diski. Tafuta njia iliyonyooka isiyo na watu, mfano ya ndani ya shamba la mkonge kwa ruhusa ya mwenye shamba. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 mara nane kwa nguvu ya wastani, kisha kutoka 90 hadi 30 mara nane kwa nguvu zaidi. Usisimame kabisa na usivute breki ya mkono, maana pedi ya moto ikikaa mahali pamoja inaacha doa kwenye diski, na doa hilo ndilo mtetemo utakaousikia kwenye usukani. Harufu kali ya kuungua katikati ya zoezi ni ya kawaida. Malizia kwa kuendesha dakika 10 bila kugusa breki. Diski iliyokubali ina rangi ya kijivu iliyosawazika. Mabaka ya bluu yanaonyesha ulizidisha.

SWALI: Kipande cha tatu, pedeli yangu ilizama hadi sakafuni. Nibadilishe pedi?
Msomaji, Pangani

JIBU: Bado. Mguu wako ndio unaokuambia. Pedeli ikibaki ngumu huku gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama na ikarudi baada ya gari kupoa, mafuta ya breki yamechemka. Wewe ni wa pili.

Mafuta haya hunyonya unyevu, na sisi wa mwambao tunaishi ndani ya unyevu. DOT ni daraja la mafuta ya breki lililoandikwa kwenye chupa. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 mpya ni digrii 230, lakini ikishanyonya maji ni 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Badilisha yote kabla ya msimu, na tena baada ya masika. Lita 1 inatosha kusafisha mfumo mzima wa gari dogo. Nunua chupa iliyofungwa, si ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji. DOT 5 ni kitu kingine, ni ya silikoni, usiichanganye na hizi.

Kagua pia unene wa pedi. Mpya ina kama milimita 10 za tabaka. Ikibaki 5, joto linapita haraka hadi kwenye pistoni na kuyapika mafuta. Kwa kazi ya kawaida bado ingekuwa na maisha. Kwa mashindano, itoe.

SWALI: Diski za matundu zitanisaidia?
Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Hapana. Nyufa huanzia kwenye matundu, na vumbi na kokoto za njia zetu zinayaziba. Nunua diski isiyo na matundu, na usiitumie ikishakuwa nyembamba kuliko kipimo kilichopigwa juu yake penye maneno MIN TH.