Nyeusi si maji kila mara

Picha ya kwanza ya setilaiti niliyopakua mwenyewe ilikuwa ya delta ya Rufiji, bendi moja (picha ya aina moja ya mwanga) ya setilaiti ya Sentinel-2. Nikaifungua kwa programu ya kawaida ya kutazamia picha: giza tupu. Nikajua faili limeharibika, nikalipakua tena hadi bando likakata.

Faili lilikuwa zima. Kila pikseli ni namba, na faili la biti 16 lina nafasi ya kuanzia 0 hadi 65,535, ila namba nyingi za eneo langu zilikuwa zimejibana chini ya elfu chache, na programu ile ikazionyesha zote karibu nyeusi. Fungua picha kama hiyo kwenye QGIS, programu ya ramani, ingia kwenye sifa za tabaka, uweke kiwango cha chini na cha juu kufuatana na namba zilizomo. Mikoko itajitokeza.

Kosa la pili liliniumiza zaidi maana nililipeleka mbele ya watu. Nilipanga picha mbili za panikromatiki, yaani za kijivu zinazokusanya mwanga wa rangi kadhaa kwa pamoja, moja ya setilaiti ya Landsat 7 na moja ya Landsat 8. Kwenye ya zamani mikoko inang'aa, kwenye mpya imekuwa nyeusi. Nikatangaza msitu umekwisha. Mzee mmoja akaniangalia, akacheka: "Mwanangu, jana tu nimetoka kutega kaa humo."

Panikromatiki ya Landsat 7 hupokea mwanga wa mikromita 0.52 hadi 0.90, infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho) ikiwemo, na majani mabichi huirudisha infraredi hiyo kwa wingi. Ya Landsat 8 inaishia 0.68, mwanga ambao majani huumeza sehemu kubwa. Msitu ulikuwa uleule. Tangu hapo nasoma metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha, kabla ya picha yenyewe, hata nikiwa na haraka.

Rada nayo ina mambo yake. Setilaiti ya rada ya Sentinel-1 hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, kwa hiyo mawingu ya masika hayaizuii. Ndiyo maana inafaa kwa mafuriko kama ya Rufiji ya Aprili 2024. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu mawimbi yanateleza na kwenda zake bila kurudi kwenye setilaiti. Lakini uwanja wa ndege wa lami nao ni laini, na mchanga mkavu uliosawazika vilevile. Tafuta picha ya kiangazi ya njia ileile ya setilaiti, uzilinganishe: kilichokuwa cheusi hata kiangazi, kitoe kwenye ramani ya mafuriko. Na upepo ukichafua maji, bwawa linageuka kijivu na kompyuta inalihesabu nchi kavu. Hapo mimi huchora mpaka kwa mkono.