Kodi ambayo hakuna aliyeidai

Wadogo zangu mnaoanza kusoma historia ya Marekani baada ya utumwa, nianze na kosa langu. Katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kuwakataza Weusi kupiga kura. Mwalimu akauliza: kifungu gani?

Nikakesha na katiba ya Mississippi ya 1890. Kwenye shule, kifungu cha 207, rangi imetajwa waziwazi: watoto Weupe na Weusi wasome mbalimbali. Kwenye ndoa, cha 263, imetajwa tena. Kwenye masharti ya kura, kimya. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1870, yalishakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake.

Kilichomo ni kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka. Hapo ndipo sisi wasomaji wa Kiswahili tunapoteleza, maana kodi ya kichwa tuliyosimuliwa na babu zetu ni ya mkoloni: usipolipa, unakamatwa. Ile ya Mississippi ilikuwa kinyume chake. Kifungu cha 243 kinakataza asiyelipa kushtakiwa kwa jinai. Kisome mara mbili. Serikali gani huweka kodi, kisha ikamlinda anayeikwepa? Ni ile inayotaka usilipe, siku ya kura ikifika usiwe na ushahidi wa malipo ya miaka miwili. Ukilipa, unakutana na karani wa uandikishaji: soma kifungu cha katiba, au ukisomewa ukieleze. Kama umekielewa au la, anaamua yeye.

Kwa hiyo msiishie kwenye maneno ya sheria. Tafuteni daftari la wapiga kura. Louisiana mwaka 1896 ilikuwa na Weusi 130,334 walioandikishwa. Mwaka 1898 ikaja katiba mpya, yenye mtihani wa kusoma na sharti la mali, ikimsamehe ambaye yeye, baba au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla (Mweusi gani wa pale angeipata nafuu hiyo?). Mwaka 1900 walibaki 5,320. Mwaka 1904, 1,342.

Halafu jambo dogo linalowapunguzia wengi alama: kodi ya kichwa haikuisha 1965, mwaka wa Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Marekebisho ya 24, mwaka 1964, yaliifuta kwenye chaguzi za shirikisho tu, yaani za rais na Bunge la Marekani. Kwenye chaguzi za majimbo ilifutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966, kwa kesi iliyotoka Virginia.