Mtungi urudi: ushauri kwa wenye kampuni hapa Nairobi

Kampuni nyingi zikisikia biashara endelevu zinakimbilia kupanda miti Ngong, tishati mpya, picha kibao, halafu Jumatatu wanarudi kuuza vile vile. Miti ni mizuri jamani, ila kama pesa yako inatoka kwa kitu ambacho kastama akimaliza anatupa, taka yako bado inaishia dampo la Dandora.

Sisi tunatengeneza sabuni ya maji, tunauzia saluni na mahoteli. Tulipopiga hesabu vizuri tukaona mtungi mpya wa lita 20 ndio unakula faida, sio sabuni. Tukafanya vile soda ya chupa imeuzwa miaka yote: ukija na chupa unalipia soda peke yake, ukija mikono mitupu unalipia na chupa. Kastama anaacha dhamana ya mtungi mara ya kwanza, akimaliza anajaziwa kwa bei nafuu, na gari letu lilikuwa linarudi tupu kutoka Westlands kwa hivyo mitungi haikuongeza gharama ya maana.

Hapa sasa uwe makini sana. Kuna mtungi utarudi uliwekwa mafuta taa, na ukijaza sabuni humo umeharibu jina. Dereva wetu anafungua kifuniko ananusa kabla ya kupakia, ukinuka anaukataa pale pale na dhamana hairudi, hiyo iandikwe kwa risiti siku ya kwanza ndio msije kugombana. Na dhamana si faida yako! Ni deni, iwekee akaunti yake, usiguse hata mishahara ikichelewa, maana siku hoteli ikifunga itadai pesa za mitungi yote kwa mpigo.

Msingoje kusukumwa na serikali. Mnakumbuka 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku, faini mpaka milioni 4 au jela mpaka miaka 4, watu wakabaki na stoo zimejaa. Na sheria ya taka ya 2022 inataka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibikie pia taka yake.

Kama unaanza, chukua wateja wanaooda kila wiki na wako njia moja. Wale wa mara moja kwa miezi mitatu waache kwanza, huko mitungi inapotea na utachoka kupiga simu.