Kabla Hujaandika 18+, Nipe Kitu cha Kufanya

Vijana wanaotengeneza gemu hapa Dodoma huwa wananitafuta kwa sababu moja: nina banda la gemu Nkuhungu, na jioni wateja wangu wengi ni watu wenye ndevu. Mchana ni wanafunzi, hayo ni maneno mengine. Kuanzia saa moja usiku wanaingia watumishi waliohamia huku kikazi familia zikabaki Dar es Salaam, mafundi, walimu, bodaboda waliokwisha paki. Kwa hiyo mtu akiwa na gemu yake ya watu wazima anakuja na laptopu, ananiomba nimkalishe mteja aijaribu. Nimeziona za kutosha, na ushauri wangu karibu wote unaangukia kwenye uchezaji.

Nyingi huwa hivi. Inafunguka picha ya dada mrembo baa. Maneno yanapita, unabonyeza "endelea". Dada anasogea, "endelea". Mume wake anapiga simu, "endelea". Mteja anacheka, anamwita mwenzake aje aone, halafu baada ya muda mfupi anaachia mausi na kuuliza kama kuna pedi ya FIFA, ile gemu ya mpira, iliyo wazi. (Jina lilibadilika tangu 2023, lakini bandani kwangu hakuna anayesema EA Sports FC, na mimi sijisumbui kumsahihisha mtu.) Kijana anaondoka akidhani shida ni picha, anarudi na picha kali zaidi. Ndugu yangu, mtu mzima ana simu mfukoni yenye picha za kila aina. Kwako hakuja kutazama, amekuja mikono yake ipate kazi.

Chukua GTA: San Andreas, gemu ya uhalifu mjini ya mwaka 2004, ambayo mpaka leo inaombwa kwangu kuliko gemu nyingi mpya. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba ndani ya mafaili yake kulifichwa kipande cha ngono, na watu wakapata namna ya kukifungua. ESRB, bodi inayopanga umri wa gemu Marekani, ikaihamisha kutoka daraja la M, la miaka 17 na zaidi, ikaiweka AO, la watu wazima peke yao. Maduka makubwa yakaiondoa. Daraja la M lilirudi pale tu lilipotolewa toleo lisilo na kipande kile. Pamoja na kelele zote hizo, sijapata mteja aliyeniulizia habari hizo. Wanachobishania ni namna ya kurusha ndege na jinsi ya kuwakimbia polisi zile nyota za kusakwa zikishajaa.

Basi kipimo ninachowapa vijana ni hicho. Toa kile kilichokufanya uandike 18+, halafu nikabidhi nicheze. Kikibaki kitu cha kucheza, una gemu. Kikibaki kitufe cha "endelea", umeniletea albamu ya picha.

Mfano ninaoupenda ni Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka 2013. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni inayoitwa Arstotzka, mwaka ni 1982. Mtu anafika dirishani, anakukabidhi pasipoti. Unakagua tarehe, jina, picha, mji ilikotolewa, unalinganisha na kitabu cha kanuni ambacho kila kukicha kinaongezwa jambo. Unagonga muhuri: apite au arudi. Unalipwa kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku unaonywa, yanayofuata unakatwa pesa. Jioni inakuja hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, kupasha nyumba joto, dawa. Halafu siku moja anapita mwanamume, karatasi zake safi kabisa, na nyuma yake anakuja mkewe ambaye hana kibali. Anakuomba. Gemu haikuletei hotuba yoyote kuhusu huruma. Foleni ni ndefu, saa inakwenda, na muhuri unao wewe.

Mji huu umejaa watu wanaogonga mihuri kwa mshahara. Nilimkalisha mtumishi mmoja mbele ya gemu hiyo, mtu wa masijala, asiyejua hata pedi inashikwaje. Alinyamaza mpaka umeme ulipokatika, na kesho yake alikuja kabla sijafungua. Sasa sikiliza hili, ninyi wapenda 18+: mle ndani kuna mashine ya ukaguzi inayoonyesha watu wakiwa uchi, na kwenye mipangilio kuna mahali pa kuzima huo uchi. Ukizima, uchezaji haupungui hata kidogo.

Hata kama hadithi yako ni ya mapenzi na michepuko, mahali pa kujifunzia papo. Catherine, gemu ya Atlus ya mwaka 2011, inamhusu Vincent. Mpenzi wake wa siku nyingi anataka ndoa, na yeye kajikuta na binti mwingine. Ni mazungumzo ya kijiweni kabisa hayo. Lakini usiku ukiingia unajikuta ndotoni, unavuta na kusukuma maboksi ili upande mnara ambao chini unaporomoka. Ukisita, unakwenda nao. Jamaa anakwepa kuamua, na wewe vidole vinakutoka jasho kwa sababu ya kukwepa kwake. Hapo ndipo mada na mikono vimekutana, na ndicho ninachokikosa kwenye gemu zinazoletwa bandani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Ukijenga kila kitu juu ya utupu, hapa nyumbani huna pa kuuzia, na unaweza kujikuta kizimbani. Najua Steam, duka la gemu la mtandaoni, walizifungulia mlango gemu za namna hiyo mwaka 2018. Sawa, lakini wewe unaishi Dodoma.

Na mada za watu wazima ziko tele: mirathi, kiwanja kimoja chenye wenyewe wawili, kuhamishwa kikazi, kumuuguza mzazi. Kijana mmoja alikuja na wazo la mikopo ya kausha damu. Alichokuwa nacho kwenye laptopu kilikuwa maelezo marefu ya mama lishe akilia. Nikamwambia aifunge, tukachukua vizibo vya soda na dadu ya ludo. Vizibo ndio mtaji. Kila asubuhi unavigawa: unga, mkaa, rejesho, ada ya mtoto. Dadu inasema wateja wamekuja wangapi. Ukipungukiwa unaweza kukopa kwingine ulipe huku. Chai haijaisha tulikuwa tunapigiana kelele, na wateja wawili wameacha mechi yao wamekuja kumshauri mama lishe akimbie mji. Hakukuwa na picha hata moja. Nani anashangaa? Bao lina mashimo 32 na kete 64, halina picha wala hadithi, na wazee wanasahau kula kwa ajili yake.

Kwa hiyo anza mezani. Ukihamia kwenye kompyuta, kumbuka huyu mtu mzima ametoka kazini amechoka: usimpe kurasa za maelezo, mpe jambo la kufanya mara moja, sheria nyingine azikute njiani. Gemu ijihifadhi yenyewe, maana simu ya mke haisubiri na umeme hautoi taarifa. Kila uamuzi uwe na gharama inayoonekana baadaye, la sivyo hakuna atakayejali alichagua nini.

Siku ya kujaribisha, kaa nyuma yake na ufunge mdomo. Hili vijana linawashinda kuliko yote, wanaanza "hapo bonyeza hapo". Usibonyeze kwa niaba yake. Tazama vidole vinasimama wapi. Wala usimuulize kama ameipenda, watu wetu ni waungwana, watakwambia ni nzuri sana. Ngoja uone kama ataomba arudie.

Watoto wakiwa bandani gemu yako haiwekwi, hilo halina mjadala, hata kama unaona ya kwako ni ya heshima. Njoo Jumanne au Jumatano baada ya saa mbili usiku. Jumamosi ya ligi ya Uingereza usijisumbue, hakuna atakayekutazama. Na uje na chaja yako.