Kabla hujaigeuza kompyuta kuwa televisheni, lichungulie kwanza lile tundu

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji: "Kaka, nina iMac ya inchi 27 ya mwaka 2017. Kioo chake ni kizuri ajabu lakini siku hizi imekaa tu. Nataka kuichomekea king'amuzi iwe televisheni. Ninunue waya gani?" iMac ni kompyuta ya kampuni ya Apple iliyojengwa nyuma ya kioo chake. Nimeusoma ujumbe huo mara mbili na moyo umeniuma, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, na aliyenijibu alinipoteza.

Nilitaka kioo kimoja kinitoshe kwa yote: mchana nifanyie kazi, usiku nitazamie mpira, watoto nao wachezee gemu. Najua wengi mnaosoma hapa mnataka hivyohivyo. Basi nikanunua kompyuta ya kipande kimoja iliyotumika, zile ambazo mashine yote imefichwa nyuma ya kioo, wengine huziita ol-in-wani. Nilimwuliza muuzaji swali moja tu: ina HDMI, lile tundu la waya wa kupitisha picha na sauti? Akaigeuza, akanionyesha tundu kwa kidole. "Hii hapa. Itashika tu." Nikalipa.

Siku ya kuizindua ilikuwa siku ya fainali. Nilimwalika kaka yangu mkubwa na rafiki zake wawili. Nikachomeka waya, ncha moja kwenye king'amuzi, ya pili kwenye kompyuta. Kimya. Kioo kikaendelea kuonyesha mafaili yangu kana kwamba sijafanya lolote. Nikachomoa, nikapuliza vumbi, nikachomeka tena. Nikabadili waya. Nikazima kila kitu nikawasha upya. Mpira ulikuwa umeshaanza na wageni wanafuata matokeo kwenye simu. Kaka akasema, "Mdogo wangu, umenunua pambo." Wakacheka, wakanyanyuka, wakaenda kutazama kwingine.

Nilibaki nimepiga magoti nyuma ya meza, tochi ya simu mkononi, na hapo ndipo nilipoyaona. Pembeni ya lile tundu, kwa maandishi madogo kuliko punje ya mchele, rangi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi: HDMI OUT. Kaka nimeshamsamehe. Kauli yake sijaisahau.

Shikeni hili, maana ndilo kila kitu. Tundu la HDMI lina umbo lilelile liwe la kutoa picha au la kupokea. Kwenye kompyuta nyingi, za kipande kimoja zikiwemo, ni la kutoa: limewekwa ili uongeze skrini ya pili. Kioo chenyewe kimeungwa kwa ndani na ubao wa kompyuta hiyo hiyo, na picha ya nje haina njia ya kukifikia. Hakuna waya wala mpangilio wa kwenye programu utakaogeuza mlango wa kutokea kuwa wa kuingilia. Ukitaka kupokea, tafuta palipoandikwa HDMI IN, na mara nyingi kutakuwa na kitufe cha kubadili chanzo cha picha. Zipo kompyuta za namna hiyo, ila ni chache, na hata kampuni moja huweka tundu hilo kwenye toleo hili ikaliacha kwenye lile.

Mimi sikukubali kushindwa. Nikanunua kifaa cha kunasa picha, kile kinachopokea HDMI upande mmoja na kuingia USB upande wa pili, nikafungua OBS Studio, programu ya kuonyesha na kurekodi picha hizo kwenye kompyuta. King'amuzi kikaleta weusi mtupu. Sababu inaitwa HDCP, kinga inayozuia picha zenye hakimiliki zisinaswe, na king'amuzi changu hakikuwa na mahali pa kuizima. PlayStation 4 ina mahali hapo kwenye mipangilio yake, kwa hiyo gemu lilionekana. Lakini unabonyeza kitufe, na mchezaji anapiga mpira baada ya kitambo. Kwa kurekodi kinafaa sana. Kwa kucheza, mwanangu alirudisha kidhibiti mezani bila kusema neno.

Nije kwa msomaji wangu. iMac za inchi 27 za mwaka 2009 na 2010 zina uwezo uitwao Target Display Mode: unachomeka kifaa kwenye Mini DisplayPort, tundu dogo la picha lisilo HDMI, unabonyeza Command na F2, kioo kinaonyesha ulichochomeka. Hizo ndizo zinazopokea picha ya DisplayPort, na hata hivyo kifaa cha HDMI kinahitaji kigeuzi maalumu cha kuigeuza picha yenyewe. Ile adapta nyepesi inafanya kazi ya upande mmoja tu, kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na watu wengi wamepoteza pesa hapo. Za 2011 hadi katikati ya 2014 hupokea kwa Thunderbolt tu, tundu la namna nyingine, yaani kutoka Mac nyingine. Ilipokuja ya 5K mwishoni mwa 2014, yenye nukta 5120 kwa 2880, uwezo huo ukaondolewa. Yako ya 2017 ni ya kundi hilo, ndugu yangu. Usinunue waya wowote.

Lakini jiulize: unataka king'amuzi, au unataka vipindi? Kama unachotazama kinapatikana kwenye intaneti, fungua kivinjari kwenye hiyo hiyo iMac na ujaze kioo chote. Kama ni chaneli za bure za antena, na unakoishi zinarushwa kwa DVB-T2, mfumo wa kidijitali wa matangazo ya antena, kuna kifaa kidogo cha USB cha kuzipokea moja kwa moja kwenye kompyuta. Mimi nilizunguka miezi kabla sijajiuliza swali hilo, na nasema kwa uchungu: tunapenda kununua kabla ya kuuliza, na kuuliza kabla ya kufikiri tunahitaji nini hasa.

Mashine niliyo nayo sasa niliinunua kwa utaratibu mwingine. Nilibeba king'amuzi changu na waya wangu kwenye begi. Muuzaji alishangaa, nikamwambia silipi mpaka nione picha. Nikachomeka HDMI IN, nikabonyeza kitufe cha pembeni, na mtangazaji wa habari akajaa kioo kizima, kompyuta yenyewe ikiwa bado haijawaka. Sauti nikaisikia kwenye spika zake, jambo ambalo nawe ulihakikishe, kwani si zote zinapitisha sauti. Furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza.

Ina kero zake. Rimoti ya king'amuzi haiwashi kioo, lazima uinuke ukabonyeze. Na fimbo ya Chromecast, kile kifaa cha Google kinachochomekwa kwenye HDMI ili kuonyesha vipindi vya intaneti, usiipe umeme kutoka USB ya kompyuta, kwa kuwa umeme wa tundu hilo unaweza kukatika kompyuta ikizimwa. Ipe chaja yake.

Kaka alikuja mechi iliyopita. Alitazama dakika zote tisini, akaomba jina la toleo, akaliandika kwenye simu. Nimemwambia kama nilivyomwambia msomaji wa iMac, na kama ninavyokwambia wewe unayetaka kuniandikia leo: kabla ya yote, igeuze kompyuta, washa tochi, unitumie picha ya matundu na maandishi yaliyo pembeni yake.