Mnara wa simu na macho ya mtoto

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Karibu na kwetu pamejengwa mnara wa simu, majirani wanasema mawimbi yake ni hatari. Mwanangu wa miaka 9 hushinda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Juzi usiku aliamka analia, eti macho yamejaa mchanga. Ni mnara?
Mama wa watoto wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole mjukuu wangu. Si mnara. Ni ule mwanga wa fundi.

Mawimbi ya redio, ya simu, mwanga tunaouona, urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) na eksirei ni ukoo mmoja. Angani hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Wimbi likiwa fupi, nguvu yake huzidi. Ya simu ni marefu, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Yakiwa makali sana hupasha joto, ndiyo maana haturuhusiwi kusogelea antena zenyewe.

Mimi nimepiga eksirei miaka mingi, nikisimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Mawimbi hayo nayaheshimu. Urujuanimno nao usiuchukulie poa: ule wa kuchomelea huunguza utando wa mbele wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, mtoto akiwa amelala. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini mpeleke kliniki leo. Asisugue. Usimtie maziwa wala dawa ya jirani. Kwa fundi asirudi. Miwani ya jua haitoshi pale.